Nilihifadhi, lakini kazi haionekani: jibu kwa mwanafunzi wa kozi ya kwanza ya kompyuta

*"Mwalimu, habari za kazi. Nimerudi chuoni nikiwa na miaka 36, na kozi ya utangulizi ya kompyuta ni ya lazima kwa wote wa mwaka wa kwanza. Simu naitumia vizuri tu, lakini mbele ya kompyuta najiona mjinga. Wiki iliyopita mhadhiri alitutumia maswali kwa baruapepe. Niliyafungua maabara, nikayajibu yote, nikabonyeza Save, nikafunga. Kesho yake nikafungua tena kutoka kwenye baruapepe ileile, nikakuta maswali matupu, hakuna jibu hata moja. Nikaandika upya kwenye laptopu ya mdogo wangu, kazi nikaiona pale kwenye desktopu, nikaiburuta hadi kwenye flashi. Kufika chuoni flashi inafunguka, kazi inagoma. Kompyuta inasema haikioni kitu inachokitafuta. Kwenye Excel ndiyo kabisa: najumlisha safu nzima ya namba, jibu ni sifuri. Wenzangu wa miaka 19 wanabofya kwa kasi mpaka nashindwa kuwafuata. Nimeanza kukariri hatua kutoka kwenye daftari, lakini kitu kikihama kidogo kwenye skrini napotea. Naogopa pia kuharibu mali ya chuo. Je, ninunue laptopu yangu? Nitafute kozi ya pembeni? Au nikubali tu kwamba umri umenipita, niombe kuiacha?"*

Ndugu yangu, kabla ya maelezo yoyote, kazi yako ya kwanza huenda bado ipo. Kama unaikumbuka kompyuta uliyoitumia siku ile, nenda ukakae kwenye hiyohiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi E, litafunguka dirisha la mafaili. Ingia kwenye folda inayoitwa Downloads, upange mafaili kwa tarehe, utafute la siku ile. Ukilikosa, fungua Word yenyewe, nenda File, kisha Open, uangalie orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Nasema "huenda" kwa sababu maabara nyingi za vyuo zimewekewa programu inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo kila inapozimwa na kuwashwa. Kama yenu iko hivyo, kazi imekwenda na hakuna atakayeirudisha. Lakini jaribu kwanza.

Sasa turudi kwenye hofu yako. Umeniandikia mikasa mitatu na hukumu moja, kwamba wewe ni mjinga na umri umekupita. Mikasa nimeielewa, hukumu siikubali. Kila ulichokutana nacho kina sababu inayojulikana, na hakuna hata kimoja kinachochagua umri. Viwili vya kwanza ni jambo lilelile limevaa nguo mbili: hukujua kazi yako iko wapi.

Tuanze na baruapepe. Faili lililoambatishwa linakaa kwenye kompyuta za kampuni inayokutunzia baruapepe, mbali na hapo ulipoketi. Ulipolibofya, kompyuta ya maabara ilipakua nakala yake, ikaiweka mahali, ikakufungulia hiyo nakala. Ukaandika majibu ndani ya nakala, na ulipobonyeza Save ikahifadhiwa vizuri kabisa, palepale ilipokuwa. Kompyuta haikukudanganya. Ila ule ujumbe wa mhadhiri haukuguswa, na hauwezi kuguswa, kwa sababu baruapepe uliyoletewa haiandikwi juu yake. Kesho yake ulipoifungua tena, ikapakuliwa nakala nyingine mpya, tupu kama ilivyotoka kwa mwenyewe.

Ushahidi wake utauona kwa macho. Ukikuta kwenye Downloads kuna maswali.docx na pembeni yake maswali (1).docx, hiyo namba 1 imewekwa na kompyuta kwa sababu ulipakua faili lenye jina ambalo tayari lilikuwepo. Lile lisilo na namba ndilo lenye majibu yako. Wako wanafunzi wanaofikisha namba 7 au 8 bila kujiuliza zinatoka wapi, na katikati ya rundo hilo kuna kazi moja iliyokamilika. Tahadhari moja: baadhi ya programu za baruapepe huiweka nakala kwenye folda ya muda iliyofichwa. Ikiwa maabara yenu inatumia programu ya namna hiyo, mwite fundi wa maabara, usihangaike peke yako.

Dawa ni tabia moja tu. Ukifungua faili kutoka kwenye baruapepe, usiandike hata herufi moja kabla ya kuchagua Save As. Kwenye Word kitufe cha F12 kinakupeleka huko moja kwa moja. Hapo kompyuta inakuuliza maswali mawili, iweke wapi na iite nani. Yajibu wewe mwenyewe. Ukiyapita haraka, inajijibia, na majibu yake utayajua siku unapoitafuta kazi.

Mkasa wa pili unafanana na huo, ila hapa umeangukia mtego mwingine. Nakisia kwamba ulichokiburuta kutoka desktopu ya mdogo wako hakikuwa kazi yenyewe, kilikuwa njia ya mkato (shortcut). Itazame picha yake kwa makini: kwenye pembe ya chini upande wa kushoto kuna mshale mdogo uliopinda. Mshale huo maana yake faili liko kwingine, na kile unachokiona kinaelekeza tu. Ni sawa na mtu kung'oa kibao cha njia kinachoonyesha nyumba yake, akasafiri nacho akidhani amebeba nyumba. Kwenye laptopu ya nyumbani kilifunguka kwa sababu nyumba ilikuwa palepale. Chuoni kompyuta ikafuata maelekezo, ikakuta hakuna kitu, ikakuambia ukweli.

Kuna njia ya pili ya kukigundua. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Properties, utazame ukubwa. Njia ya mkato ina kilobaiti chache tu, hata kama kazi yenyewe ni kurasa 40 zenye picha. Mimi huwahimiza wanafunzi wazoee kutazama ukubwa wa faili kabla ya kuchomoa flashi, tena walifungue humohumo kwenye flashi. Lisipofunguka hapo, usitegemee lifunguke kwingine; ila kufunguka peke yake hakutoshi, maana njia ya mkato nayo hufunguka kwenye kompyuta yenye faili lenyewe.

Kwa nini basi mtu anayetumia simu vizuri ajikwae hapa? Kwa sababu simu imekuficha jambo hili kwa makusudi, na imefanya hivyo kwa ustadi. Kwenye simu picha ziko ndani ya programu ya picha, na ujumbe ndani ya programu ya ujumbe. Unaiomba programu, hukiendei kitu mahali pake. Kompyuta ya mezani ilijengwa kwa mpangilio mwingine: kuna diski, ndani yake folda, ndani ya folda folda nyingine, na mwishowe faili. Njia ya kulifikia inaandikwa hivi:

C:\Users\jina lako\Documents\Kozi ya kompyuta\maswali.docx

Isome kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo C ni diski, Users ni folda ya watumiaji, kisha folda yako, kisha Documents, kisha folda uliyoitengeneza wewe, mwisho faili. Siku utakayoweza kuusoma mstari huo na kusema kwa sauti kila kipande ni nini, nusu ya kozi yako imeisha. Sitii chumvi. Kuambatisha, kupakia kazi kwenye mfumo wa chuo, kunakili kwenye flashi, kuchapisha, vyote vinauliza swali hilohilo la kitu kiko wapi.

Ndiyo maana sitaki wale vijana wakutishe. Mwaka 2001 mwandishi wa elimu Marc Prensky alieneza wazo kwamba kuna kizazi kilichozaliwa ndani ya teknolojia na kingine kilichohamia humo kama wageni. Wazo lilipendwa, ila walimu wengi likawachelewesha kuona kinachotokea darasani. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018 uliwapima wanafunzi wa darasa la nane katika nchi mbalimbali, na ukaona ni takriban asilimia 2 tu waliofikia ngazi ya juu kabisa ya kutumia kompyuta kutafuta, kuchuja na kutathmini habari bila kushikwa mkono. Kuzaliwa na skrini mkononi hakukuwapa ujuzi huo. Mwombe mmojawapo wa hao wa miaka 19 akuonyeshe faili alilolipakua wiki iliyopita liko folda gani. Wengi watakwenda kulipakua upya. Wanabofya haraka, hilo kweli, na wanapotea haraka vilevile.

Hapa niongeze jambo la kuhifadhi kwa ujumla, maana maswali yake hayakosekani kwenye mtihani. Unapoandika, maneno yako yanakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Ina kasi kubwa, ila inashikilia taarifa kwa chaji ndogo za umeme zinazovuja, ndiyo maana huhuishwa tena na tena, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64 au chini ya hapo. Umeme ukikatika, kila kilichomo kinafutika. Kuhifadhi ni kukihamishia kwenye diski, ambayo haitegemei umeme kukumbuka. Basi Ctrl+S iwe kama kupumua: umemaliza aya, bonyeza. Word hujaribu kukuokoa kwa kuweka nakala ya dharura, na kwa kawaida imepangwa kufanya hivyo kila dakika 10, lakini kuitegemea ni kukubali kupoteza dakika 10 za akili yako.

Na ile sifuri ya Excel? Sitakaa hapo sana kwa sababu sababu yake karibu kila mara ni ileile. Namba zako si namba. Excel ikiona kwenye seli "kilo 20" au "20kg", au herufi O mahali pa sifuri, inaichukulia kama maneno, na fomula ya kujumlisha inayaruka maneno kimyakimya. Safu nzima ikiwa maneno, jumla ni sifuri. Tazama upande ambao namba zimeegemea: usipogusa mpangilio, namba halisi huegemea kulia mwa seli na maneno huegemea kushoto. Andika 20 peke yake ndani ya seli, na neno kilo liweke juu kwenye kichwa cha safu. Ukikuta pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli, Excel yenyewe inakunong'oneza kwamba ina shaka; bofya ile alama ya onyo inayojitokeza, uchague kugeuza kuwa namba.

Daftari lako la hatua usilitupe, ila badilisha unachoandika ndani yake. Anayekariri "bofya cha tatu kutoka kushoto, kisha cha pili chini" anakariri mahali pa vitufe, na vitufe huhama. Mwaka 2007 Microsoft iliziondoa menyu za zamani za Word na Excel, ikaweka ule utepe mpana wa juu unaouona sasa, na watu waliokuwa wameitumia Word kwa miaka wakajikuta hawajui hata pa kuanzia. Lakini Ctrl+S haikuhama. Kukata, kunakili na kubandika ni mambo yaliyobuniwa na mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler na wenzake kwenye kampuni ya Xerox miaka ya 1970, na bado yanafanya kazi vilevile kwenye Word, kwenye Excel, kwenye LibreOffice na hata kwenye kivinjari. Kwa hiyo andika vitenzi: fungua, hifadhi, hifadhi kwa jina jingine, nakili, hamisha, tafuta, tendua. Kando ya kila kimoja andika kinafanya nini kwa faili lako, siyo kitufe chake kiko kona gani. Ukikutana na programu usiyoijua, utatafuta kitenzi na utakipata.

Kuhusu kuharibu mali ya chuo, hofu hiyo naijua inavyokaza vidole. Ukweli ni kwamba kubofya vibaya hakuunguzi kompyuta. Ukikosea kwenye Word, Ctrl+Z inakurudisha nyuma, na kwenye dirisha la mafaili inafanya kazi hata ukiwa umehamishia faili kwenye folda isiyo yake. Ukifuta faili la kwenye diski, kwa kawaida linakwenda Recycle Bin, yaani pipa la vilivyofutwa, na unaweza kulirudisha. Yako mambo machache ya kuyaogopa kweli. Faili linalofutwa moja kwa moja kwenye flashi kwa kawaida halipiti Recycle Bin, linatoweka. Na ukichomeka flashi kompyuta ikakuambia inabidi iwe "formatted" kabla ya kutumika, kataa, kwa sababu ukikubali unafuta njia ya kuvifikia vilivyomo. Usisakinishe programu ulizoletewa na mtu usiyemjua. Ukishayaepuka hayo, bofya. Tengeneza folda ya majaribio, weka humo mafaili ya upuuzi, yape majina, yabadilishe majina kwa F2, yahamishe, yafute, yarudishe. Mtu aliyefuta faili na kulirudisha kwa mkono wake mwenyewe hutulia kuliko yule niliyemhubiria kwamba hakuna hatari.

Sasa laptopu. Ningekuambia nunua kama ningeona kikwazo chako ni chombo, lakini sicho. Kikwazo ni muda wa kugusa kompyuta pasipo mtu kukutazama, na huo unaweza kuupata maabara nje ya saa za kipindi au kwa mdogo wako. Faida ya maabara ni kwamba mara nyingi mtihani wa vitendo unafanyikia kwenye kompyuta hizohizo, na programu hizohizo. Faida ya kuwa na yako ni kwamba mafaili yako hayafutwi kompyuta inapozimwa, na unaweza kukosea mara kumi bila aibu. Kama uwezo upo, nunua bila majuto, ila usivutiwe na rangi wala ukubwa wa skrini. Kwa kazi za chuo, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya aina ya SSD (ile yenye kasi, isiyo na sehemu zinazozunguka) vitakufaa kuliko mapambo, hata kama mashine imeshatumika. Epuka kishkwambi kama mbadala. Kitakuficha mafaili kama simu inavyokuficha, na utabaki palepale. LibreOffice ni ya bure na inatosha kujifunzia, lakini muulize mhadhiri kwanza: kama mtihani ni wa Word na Excel, fanyia mazoezi kwenye Word na Excel.

Kozi ya pembeni kwa sasa sikushauri. Nyingi zitakuanzishia sehemu za kompyuta, aina za kompyuta na historia yake, mambo ambayo daftari lako la chuo tayari linayo, na zitakula zile saa ambazo ungekaa kwenye kibodi. Ningekuwa na mawazo tofauti kama ungeniambia wiki kadhaa zimepita na bado huwezi kupata faili ulilolihifadhi mwenyewe.

Na kuiacha kozi? Hapana, si kwa sababu ulizonitajia. Lakini sitakuficha kitu kimoja: mtihani wa vitendo una saa, na anayechapa kwa kidole kimoja anaweza kujua kila kitu na bado asimalize. Hilo linatibika kwa mazoezi mafupi ya kila siku, robo saa inatosha. Weka vidole vya shahada kwenye F na J. Vitufe hivyo vina mstari mdogo ulioinuka ili vidole vivipate bila macho. Wiki za mwanzo utakuwa mzito zaidi kuliko ukichapa kwa kidole kimoja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia mazoea. Vumilia.

Mambo mengine hayatatuliwi kwa maandishi yangu. Ukiona mafaili yote kwenye flashi yamegeuka ghafla kuwa njia za mkato, siyo moja tu uliyoiburuta, hicho ni kirusi cha flashi kinachojulikana sana; usibofye chochote, mpelekee fundi, kwa kuwa mara nyingi mafaili yenyewe bado yamo, yamefichwa tu. Ukihisi maandishi kwenye skrini yanakuumiza macho, au mkono haukitawali kipanya, mweleze mhadhiri mapema, maana maandishi yanaweza kukuzwa, kasi ya kipanya ikapunguzwa, na chuo kinaweza kukupangia muda wa ziada kikijua kabla ya mtihani. Na kuhusu ile kazi iliyokwama, nenda kwa mhadhiri wiki hii ukiwa na flashi mkononi. Usimwambie "kompyuta imekula kazi yangu"; hiyo ameisikia mpaka amechoka. Mwambie ulifungua kiambatisho ukaandika ndani ya nakala, kisha ukanakili njia ya mkato badala ya faili. Halafu mwombe mdogo wako, jioni hiyohiyo, abofye ile njia ya mkato kwa kitufe cha kulia na kuchagua Open file location. Itampeleka lilipo faili lenyewe, naye akutumie hilo.